Asnath na Elektroni Isiyozunguka

Ukimpa Asnath kiti atakishika mgongo, atakisukuma huku na huku, atakuambia asante mwalimu, kisha atabaki amesimama. Nimemjua tangu chuo cha ualimu, wote wawili tukiwa wasichana wa diploma, na sijawahi kumwona akimalizia chai pale alipoianzia. Anaianzia jikoni kwangu, anapita nayo sebuleni akigusagusa kila kitu, anaimalizia uani kwa jirani. Huku mtaani kwetu Manundu wamemzoea. Wakimwona mwanamke mrefu anakatiza uchochoroni na kikombe mkononi, wanajua mgeni wangu wa Handeni kashuka na usahihishaji wa mitihani umeanza.

Mimi ni Filomena, nafundisha fizikia hapa mjini Korogwe. Nafundisha, sikusema naipenda. Mimi na fizikia tuliozeshwa: hesabu zangu zilikuwa nzuri, nafasi ilikuwepo, wakubwa wakaamua. Asnath aliipenda mwenyewe, na mtu aliyependa ana wivu na maneno mengi. Hilo limenichosha miaka yote, nalisema mapema, maana katika habari hii nitagomba.

Amezaliwa kwenye kambi ya mkonge, si mbali na hapa. Babu yake aliletwa kutoka Songea kama manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na kwao hakurudi tena. Baba yake akawa mtu wa kiwandani, kazi yake kulisha majani kwenye mashine ya kuchunia nyuzi. Mama yake ni Mshambaa wa Bungu aliyeshuka mlimani kwa ajili ya ndoa, na mpaka leo akiwa huku chini analalamikia joto kama kaletwa jana. Asnath anasema maswali yake yalianzia mlangoni pa kile kiwanda, akiangalia gurudumu kubwa likizunguka: kwa nini umeme ukikatika halisimami papo hapo. Baba yake alimjibu kwamba asisogee, litamkata mkono. Jibu hilo halikumtosha, na sidhani kama kuna jibu limewahi kumtosha.

Huko Handeni yuko shule ya binafsi. Mwenye shule na meneja wake ni Bwana Akber, ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini. Asnath ndiye aliyemganda huyo mzee mpaka akakubali kuanzisha mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu kwa kidato cha tano na cha sita. Kabla ya hapo mtoto wa Handeni aliyetaka masomo hayo alilazimika kwenda mbali, na wengi wa wasichana hawakuruhusiwa kwenda. Akber akajenga maabara, akaleta vifaa. Wanafunzi wakaja wachache, na matokeo yakaja mabaya. Mwaka huu, karibu na mtihani wa utamilifu, ule tunaowapimia kidato cha sita kabla ya mtihani wa taifa, Akber akamwita.

"Mwalimu, nakuheshimu," alimwambia. "Lakini wazazi wananiuliza. Safari hii wakianguka tena, kidato cha tano kipya sichukui. Tutabaki na masomo ya sanaa, tuishi kwa amani."

Haya alinisimulia jikoni kwangu, akisonga ugali ambao mimi nilikuwa nimeshaumaliza kuusonga. Nilimnyang'anya mwiko. Nikamwambia, basi wafundishe kilichoandikwa, wafaulu, mchepuo ubaki. Akanitazama kama niliyemtukana mama yake, akasema, "Filo, mimi nimeshawafundisha. Nimewafundisha ukweli."

Hapo nikaweka mwiko chini, kwa sababu nilijua ni ukweli gani.

Naomba nieleze, na nitaeleza kama ninavyowaeleza wanangu darasani. Modeli ya Bohr, mwanasayansi wa zamani, inasema elektroni inakizunguka kiini cha atomu kama mbuzi aliyefungwa kambani anavyozunguka kigingi. Tunapima wingi wa mzunguko huo: uzito wa elektroni, mara kasi yake, mara urefu wa kamba. Kipimo hicho ndicho momenta ya mzunguko. Bohr akasema hakichukui thamani yoyote unayojisikia. Ni kipande kimoja, au viwili, au vitatu, kama mayai, maana dukani huuziwi yai moja na robo. Elektroni ya hidrojeni ikiwa ngazi ya chini kabisa, ina kipande kimoja. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, hivyo ndivyo ninavyofundisha, na hakuna aliyekufa.

Baadaye wakaja watu wa mawimbi. Hao wakasema elektroni si mbuzi na kamba haipo. Elektroni ni wimbi lililotanda pande zote za kiini. Vipande bado vipo, ila hesabu yake inaanzia sifuri badala ya moja. Ikiwa ngazi ya chini kabisa, elektroni ya hidrojeni haizunguki hata chembe. Momenta yake ya mzunguko ni sifuri. Ajabu ni kwamba ukikokotoa nishati, Bohr na watu wa mawimbi wanapata jibu lile lile, na ndiyo sababu modeli ya zamani haijafukuzwa shuleni.

Asnath aliyapata haya ukubwani, alipokuwa anasoma shahada ya masafa huku anafundisha. Alinipigia simu mwaka jana nikiwa nafua.

"Filo, haizunguki."

"Nini hakizunguki?"

"Elektroni. Miaka yote hii tumewaambia watoto inazunguka."

"Basi imetulia."

"Wala haijatulia," akasema. "Hapo ndipo pananinyima usingizi. Haizunguki, na haijatulia. Ukiibana karibu na kiini ndiyo inazidi kuhangaika."

Nikamwambia sasa wamekupiga picha wewe. Hakucheka. Wiki ile ile aliingia darasani kwake, akaweka Bohr kando, akawafundisha wanafunzi wake mawimbi. Mimi nilidhani ni shauku ya siku mbili itapoa. Kumbe aliyafanya ndiyo somo lenyewe, na watoto wakaenda nalo kwenye mtihani.

Sasa ngoja nieleze tunavyosahihisha. Shule za wilaya zetu hutunga mtihani kwa pamoja, na karatasi zote hukusanywa kwenye shule moja hapa Korogwe. Hakuna majina, namba tu. Walimu wawili wawili wanapewa swali moja, nao wanalisahihisha hilo hilo kwenye karatasi za shule zote. Kabla ya kalamu nyekundu kugusa chochote, jopo zima linakaa mezani. Mwenyekiti anasoma swali, anasoma jibu la mwongozo, na mwenye neno analisema hapo. Tukishafunga mwongozo, umefungwa. Hata ukigundua baadaye kwamba wewe ndiye ulikuwa sahihi, unameza mate na kusahihisha.

Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Godlisten, mzee wa fizikia mkoani, mtu mpole, mzito kama gunia la mahindi. Alisoma swali la atomu, lenye alama nyingi kuliko mengine: kokotoa momenta ya mzunguko ya elektroni ya hidrojeni iliyo kwenye ngazi ya chini kabisa ya nishati. Akasoma jibu: kipande kimoja. Akauliza kama kuna neno.

Asnath alikuwa ameshasimama.

"Swali halikumtaja Bohr," akasema. "Limeuliza elektroni ilivyo. Na ilivyo, ni sifuri."

"Mwalimu, mtunga swali alimkusudia Bohr," Godlisten akasema. "Sote tunajua."

"Mtahiniwa hasahihishwi kwa nia ya mtunga swali. Anasahihishwa kwa swali alilolisoma."

Ukumbini kulikuwa na joto la Korogwe, lile la Februari, na chai ilikuwa bado haijaletwa. Walimu wakaanza kuguna. Asnath akaanza kuizunguka meza, anaongea na visogo vya watu. Godlisten akaacha aongee. Mwishowe akasema polepole, "Hapa hatusahihishi ulimwengu, mwanangu. Tunasahihisha karatasi."

"Basi tuziandikie karatasi kwamba tulijua na tukanyamaza," Asnath akajibu.

Nilitamani meza inimeze. Kwa mzee kama yule, maneno kama yale! Lakini Godlisten hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nikuulize," akasema. "Mtoto ambaye hajui lolote. Amekaa mbele ya swali, hana cha kuandika, akaandika sifuri. Huyo nimpe alama zote?"

Asnath akasimama mahali alipofika. Mimi namjua, swali likiwa zuri hawezi kulikwepa, hata kama linamuumiza. Akasema, "Hapana. Atakayeandika sifuri aeleze kwa nini. Aseme kwamba wimbi la ngazi ya chini kabisa liko sawa pande zote, halina upande linaoelekea, ndiyo maana hakuna mzunguko. Akilisema hilo kwa namna yoyote, apewe zote. Asipolisema, asipewe kitu."

"Umesema wewe."

"Nimesema mimi."

Godlisten akaandika kwenye mwongozo, jopo likaafiki, na chai ikaja. Asnath alikunywa yake akizunguka uwanja wa mpira wa ile shule. Nikiri kwamba kwa mara ya kwanza nilimwonea fahari. Alikuwa amempindisha Godlisten, jambo ambalo sijaona mwingine akilifanya, na alikuwa ameiokoa shule yake mchana kweupe, bila kumwibia mtu.

Swali la atomu tulipewa sisi wawili. Karatasi nyingi zilikuwa za kipande kimoja, hesabu imeonyeshwa, tunatia vyema tunapita. Ndipo likaja bunda la shule yake. Namba zilikuwa namba, lakini mwalimu anaujua mwandiko wa watoto wake. Kanuni yetu inataka ukifika shule yako mwenzako akae karibu aangalie, basi nikasogeza kiti.

Karatasi ya kwanza: sifuri, kwa sababu elektroni ni wimbi.

Asnath aliisoma, akageuza ukurasa, akatafuta nyuma. Hakukuwa na zaidi. Akaiweka kando bila alama, akachukua ya pili. Sifuri, kwa sababu elektroni ni wimbi. Ya tatu hivyo hivyo. Wengine walikosea hata kuandika neno wimbi, kwa kile Kiingereza chetu cha darasani, na walikosea kwa namna moja, kama wanaoimba pambio. Alizipitia zote. Hakuna hata mmoja aliyegusa habari ya wimbi kuwa sawa pande zote.

"Tia vyema," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sababu wametoa."

"Hii si sababu, Filo. Elektroni ya ngazi za juu nayo ni wimbi, na kuna inayozunguka. Ukiniambia ni wimbi hujanieleza kwa nini hii ni sifuri."

"Godlisten hajui hilo."

"Mimi najua."

"Wape nusu basi. Mimi ndiye shahidi wako, na mimi sijaona kitu."

"Niliomba sababu mimi mwenyewe, mbele ya watu. Sasa nijifanye sikuiomba?"

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nilimwambia mambo ambayo yalikuwa ya kweli: kwamba kuna wasichana Handeni watarudishwa jikoni kwa ajili ya kiburi chake, kwamba asingefungua mdomo wake mezani ningeweza hata kusema swali lina utata lifutwe, kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Alisikiliza yote. Halafu akachukua kalamu nyekundu, akaanza kukata. Alama ya kosa, karatasi baada ya karatasi. Nilitakiwa kutia sahihi pembeni kuonyesha nimeona, nikatia. Mistari yake ilinyooka. Alipomaliza bunda alitoka nje, na kupitia dirishani nilimwona anakwenda golini na kurudi, golini na kurudi, kwenye jua lile, bila hata kujitanda kanga kichwani. Sikumfuata. Nilimchukia, kisha nikajichukia, kisha nikaendelea na shule iliyofuata.

Matokeo yalipotoka, kwenye fizikia shule yake ilikuwa mkiani. Nilimwambia mume wangu nakwenda Handeni na Asnath, asiniulize kwa nini, na kwa kuwa ananijua hakuuliza. Nilihofia kumwacha aende peke yake.

Bwana Akber alitupokea ofisini, akaagiza soda, akauliza habari za safari na za mama yake Asnath. Kisha akafunga mlango.

"Mwalimu, nimesikia jambo," akasema. "Eti hawa watoto wewe mwenyewe ndiye uliyewakata."

"Ni kweli."

"Ungeweza kuwaacha."

"Ningeweza."

Akber akanitazama mimi, kana kwamba nitamsaidia. Nikashika soda yangu. "Mimi ni mfanyabiashara," akasema, "najua thamani ya mtu asiyepunja mizani. Nakuheshimu zaidi kuliko jana. Lakini nilikuambia, na wazazi niliwaambia pia. Hawa waliopo watamaliza, watafanya mtihani wao wa taifa. Wapya sichukui."

Asnath akasema ameelewa. Nilidhani atabishana, ataizunguka meza kama alivyofanya kwa Godlisten. Hakufanya hivyo. Alimshukuru kwa maabara, kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililonitoa machozi, si kufungwa kwa mchepuo. Soda yake ilibaki imejaa.

Tukaenda darasani. Nilikaa dawati la nyuma. Wakasimama, "Shikamoo mwalimu," akaitikia, wakakaa. Karatasi zao walikuwa wamesharudishiwa. Wachache wale, wasichana wengi kuliko wavulana, kila mmoja anaangalia ile alama nyekundu ya kosa bila kujua ni mkono wa nani. Akawaambia ni wake. Akawaambia na la mchepuo kufungwa, moja kwa moja, bila kulipaka sukari. Hakuna aliyelia. Handeni watu wamezoea kusubiri maji, na habari mbaya wanazipokea kwa namna ile ile.

"Kwa nini momenta ni sifuri?" akawauliza.

Wakajibu kwa pamoja, sauti moja nzuri, "Kwa sababu elektroni ni wimbi."

"Na ile ya ngazi za juu, inayozunguka, yenyewe si wimbi?"

Mtu akadondosha kalamu, akaogopa kuiokota. Asnath alikwenda dirishani, akarudi ubaoni, akauliza tena kwa upole. Ndipo akasimama msichana mmoja wa mstari wa mbele, mdogo wa mwili, mtandio wake umefungwa vizuri. Anaitwa Zamda. Nilikuwa nimeiona karatasi yake juu ya dawati nilipopita kwenda nyuma. Kwenye maswali mengine yote alikuwa amefanya vizuri kuliko wanafunzi wangu mimi.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Hatukuelewa."

"Hamkuelewa wapi?"

"Popote. Tangu ile siku ulipoingia ukatuambia haizunguki. Tulikwenda tukakariri."

"Si niliuliza kama kuna swali?"

"Uliuliza."

"Nikauliza mara ngapi, Zamda? Mbona mlininyamazia?"

Zamda akageuka kuwaangalia wenzake, nao wakainamia madawati. Akavuta mtandio.

"Ulikuwa umefurahi sana, mwalimu," akasema. "Hatujawahi kukuona umefurahi vile. Tukaona tukikuuliza tutakuharibia."

Asnath akavuta kiti cha mwalimu, akakaa. Nami kule nyuma nikashusha macho kwenye ubao wa dawati, maana mtu mzima akiwa katika hali ile hatazamwi.